Mshauri wa mabadiliko ofisini kwetu Area D: kilichotusaidia hakikuwa kwenye mkataba

Watu watatu wa taasisi nyingine hapa Dodoma wamenipigia simu kuuliza kama ile kampuni ya ushauri tuliyofanya nayo kazi kuanzia Februari hadi Agosti 2025 inafaa. Kila mmoja nimemjibu nusu nusu, maana jibu lenyewe ni refu. Naliandika hapa mara moja. Jina la kampuni silitaji. Anayefahamiana nami ataniuliza tukikutana.

Mimi ni afisa ruzuku. Taasisi yetu ni ndogo, tuko watu tisa pamoja na dereva, na ofisi ni nyumba ya kupanga Area D yenye mwarobaini uani. Kazi yetu ni kutoa ruzuku za kati ya milioni 3 na milioni 25 kwa vikundi na mashirika ya Dodoma na Singida. Nimekaa pale miaka kumi na moja. Nimeona wakurugenzi watatu, na kila mmoja alikuja na neno lake. Wa kwanza alikuja na "matokeo", wa pili na "uendelevu", na huyu wa sasa amekuja na "mabadiliko".

Ila kumtetea, safari hii sababu zilikuwepo. Bodi ilikuwa imeamua mambo mawili kwa mpigo: tuachane na makaratasi, na tuache kutoa ruzuku za miezi sita sita, tutoe za miaka miwili hadi mitatu. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na wote tunajua zile siku 90 ziliishia kwenye kufutwa kwa sehemu kubwa ya misaada hiyo. Mashirika ambayo hayakuwahi hata kutujua yakaanza kuleta kwetu maandiko ya miradi kuomba ruzuku. Kuna asubuhi nilikuta bahasha saba chini ya mlango. Tungeendelea na utaratibu wa zamani tungezama.

Tulinunua vitu vitatu kwa bei moja: semina ya siku mbili, mfumo wa kompyuta wa kusimamia ruzuku, na ufuatiliaji wa miezi sita. Milioni 14 kabla ya VAT, kwa hiyo 16,520,000 ukijumlisha. Kampuni ni ya Dar.

Semina sitaisema sana. Ilifanyika hotelini, ukumbi mzuri, chai ya saa nne ilikuwa na sambusa za moto na maandazi ya kutosha, na tukapewa fulana zilizoandikwa kifuani kwamba sisi ni mabingwa wa mabadiliko. Mwezeshaji alipanda treni ya SGR kutoka Dar, na nusu saa ya kwanza ilikwisha akitusifia treni. Slaidi zote zilikuwa za Kiingereza. Akatupitisha kwenye hatua nane za John Kotter, yule profesa wa Harvard, ambazo hatua yake ya kwanza ni kujenga hisia ya uharaka. Mhasibu wetu akaniangalia. Siku hiyo alikuwa na vocha za malipo kumi na nne mezani zinasubiri sahihi, na simu yake ilikuwa inatetemeka juu ya kitambaa cha meza kama nyuki kwenye chupa. Uharaka tulikuwa nao, wa kugawa hata kwa majirani.

Jambo lingine lililonikera ni hili. Unakuja Dodoma kumfundisha mtu maana ya mabadiliko, na humwulizi ameona nini. Sisi tumeishi na uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa tangu 1973. Tumekua tukisikia "serikali inahamia Dodoma" mpaka ikawa utani wa vijiweni. Ilipofika 2016 Rais Magufuli akasema sasa ni kweli, watu wakahama. Mei 2017 CDA, mamlaka iliyokuwa ikiustawisha mji huu na kugawa viwanja, ikavunjwa, na waliokuwa na karatasi za viwanja vyao CDA wakaanza kuuliza waende dirisha lipi. Aprili 2018 tukaambiwa ni jiji. Mama mwenye nyumba wangu wa mtaa wa Kikuyu alinipandishia kodi mara mbili katika mwaka mmoja, na mara zote mbili alianza kwa kusema, "Mwanangu, si unaona mambo yalivyobadilika." Mwezeshaji angeanzia hapo angetupata wote. Yeye alituletea mfano wa kiwanda cha kamera cha Marekani kilichofilisika.

Mfumo sasa.

Ni mfumo wa kimataifa, umetengenezwa Marekani, kampuni yetu ni wakala tu. Una uzuri wake. Unajua andiko liko kwa nani na limekaa siku ngapi. Haukubali mtu apitishe ombi la kikundi ambacho ana ndugu yake ndani bila kwanza kutamka maslahi yake, na kwenye mji ambao nusu ya watu ni ndugu, hilo si dogo. Barua za kukubaliwa na kukataliwa unaziandaa wenyewe. Bodi sasa inasoma kwenye simu, hatuchapi tena yale makabrasha ya kurasa mia mbili.

Lakini umetengenezwa kwa ajili ya taasisi za kwao. Ukisajili mwombaji unadai msimbo wa posta, na usipouandika haukupitishi. Kikundi cha kina mama cha Bahi ambacho anuani yake ni "karibu na ghala la kijiji" unakiandikiaje msimbo? Wiki ya kwanza tulikuwa tunaandika 00000. Unauliza hadhi ya mwombaji chini ya sheria ya kodi ya Marekani. Hauulizi kata wala TIN, namba ya mlipakodi. Kwenye ukurasa wa mbele kulikuwa na kibango chekundu kinachotuonya kwamba hatujafikisha asilimia 5 ya malipo ya mwaka. Mkurugenzi alishtuka, akaitisha kikao. Kumbe ni sheria ya huko, inayozitaka taasisi binafsi za aina hiyo zitoe kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali zao. Sisi haituhusu. Kuondoa kile kibango kulichukua wiki tatu.

Tarehe ndiyo ilitaka kutuua. Wamarekani wanaanza na mwezi. Tulimwekea mfadhiliwa mmoja wa Kongwa malipo ya awamu ya pili tarehe 4 mwezi wa 6, tukaandika kama tunavyoandika siku zote, 04/06. Mfumo ukaelewa tarehe 6 Aprili, ukaona imeshapita, ukaiweka kwenye orodha ya malipo yaliyokwisha. Mwenyekiti wao alinipigia akiwa dukani kwa muuza mabati, muuza mabati akiwa pembeni yake anasikiliza. Aibu ile niliibeba mimi, mfumo hauna uso.

Na kuna mambo ya nchi hii ambayo mfumo hauyajui kabisa. Mkataba wa fedha ukizidi shilingi milioni 20, kanuni za mwaka 2018 zinataka uwasilishwe kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ndani ya siku 10. Nilimwuliza mwezeshaji tunaweka wapi kikumbusho cha hizo siku 10. Akasema hilo ni "suala la mchakato wenu wa ndani". Kwa hiyo mpaka leo ninalo kwenye daftari langu, kwa kalamu nyekundu. Vilevile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sisi tunahifadhi majina, namba za NIDA na akaunti za watu, na sasa vyote viko kwenye seva ya nje ya nchi. Nilitegemea kampuni inayouza mfumo ije na jibu mkononi. Walikuja na tabasamu, jibu lilifika baada ya mwezi na mwanasheria wetu ndiye aliyeliandika.

Ningeishia hapo ningewapa nyota moja na nusu. Sasa nimfikie yule dada.

Kampuni ilimtuma binti mmoja kuja kutuwekea data kwenye mfumo. Umri wa binti yangu wa pili, begi mgongoni, raba zilizojaa vumbi la Agosti ingawa ilikuwa Machi. Siku ya kwanza akampa shikamoo kila aliyemzidi umri, kuanzia getini. Akaketi masijala, chumba chetu cha mafaili. Siku ya pili akaniomba faili moja lililofungwa, lolote, "ambalo halikuwa na tatizo". Nikampa la kikundi cha wanawake cha upande wa Mvumi, waliotuomba 6,400,000 kwa ajili ya mashine ya kukamua alizeti. Faili zuri. Tulilitumia hata kwenye ripoti ya mwaka, na picha.

Alikaa nalo siku mbili. Alikuwa anatoka na karatasi moja anamfuata mtu aliyeisaini: "Samahani baba, hii ilikukuta wapi? Ulikuwa unasubiri nini?" Kisha akachukua karatasi za bango kitita alizobakiza mwezeshaji, akazigundisha ukutani koridoni kuanzia mlango wa mapokezi hadi jikoni, akachora mstari.

Andiko lilipokelewa tarehe 12 Agosti 2024. Fedha iliingia benki tarehe 9 Desemba. Siku 119. Na kazi yenyewe, yaani mtu ameshika ile karatasi, anasoma, anaandika, anapiga hesabu, alipojumlisha ulikuwa muda wa saa kumi na moja hivi tu. Siku zote nyingine faili lilikuwa limelala. Siku 6 masijala, kwa sababu daftari la kusajili lilijaa na jipya lilikuwa halijanunuliwa. Siku 21 mezani kwangu. Nilikuwa likizo, na hakuna aliyekaimu. Siku 41 kusubiri kamati, inayokaa kila baada ya miezi mitatu. Siku 27 kuhusu akaunti, kwa sababu cheti cha usajili kilikuwa na neno "kikundi" kwenye jina na akaunti ya benki haikuwa nalo. Siku 16 kusubiri sahihi ya pili ya benki. Mwenye sahihi alikuwa safarini. Zilizobaki zilipotea moja moja, huku na kule.

Pale kwenye siku 27 alichora miguu midogo. Nikamwuliza ni nini. Akasema amempigia mweka hazina wa kikundi, na yule mama amemwambia walikuja mjini mara tatu: mara ya kwanza kuleta cheti halisi, ya pili kuleta katiba, ya tatu kuleta barua ya benki iliyorekebishwa. Kila safari watu wawili, nauli na chakula kutoka mfuko wa kikundi. Akaniambia na jingine ambalo halikuwa kwenye faili. Walikuwa wametunza alizeti ya mavuno wakitarajia kukamua Septemba au Oktoba, bei ya mafuta ikiwa juu. Mashine ilipofika Desemba alizeti ilishauzwa kwa walanguzi, na watu walikuwa wanatafuta mbegu za kupanda.

Nilisimama pale koridoni na kikombe cha chai. Ile picha ya kwenye ripoti ya mwaka niliipiga mimi. Kina mama wanacheka mbele ya mashine. Haikuwa na mbegu ndani.

Dada hakutulaumu, na hiyo ndiyo kazi ngumu. Alisema tu kwamba hata Marekani mwaka 2008 kulikuwa na kundi la taasisi chini ya mpango ulioitwa Project Streamline lililokiri kwamba waombaji wao wanazama kwenye makaratasi, na kwamba gharama ya yale makaratasi inatoka kwenye fedha ile ile ya kazi. Kisha akaomba tukae chini ya mwarobaini, wote tisa, bila projekta.

Akatueleza jambo la mtu mmoja, William Bridges, Mmarekani pia, aliyetenganisha mabadiliko na mpito. Mabadiliko ni yale ya nje: mfumo unafungwa, ofisi inahama, mkurugenzi anaingia. Mpito ni wa ndani ya mtu, na wenyewe unaanza na kuaga. Mtu hawezi kuingia kwenye kipya kabla hajajua anaacha nini. Basi akauliza kila mmoja: wewe katika haya unapoteza nini?

Mhasibu alisema atapoteza kusema "hapana", maana sasa vocha yenye kasoro inarudishwa na mfumo, si yeye. Tulicheka, lakini hakuwa anatania. Mimi nilisema nitapoteza simu za wafadhiliwa. Wakiona kila kitu kwenye mfumo hawatanihitaji. Nilijishangaa kusikia naliona hilo kama hasara.

Ikafika zamu ya Mzee. Mzee ni mhudumu wa ofisi, na ndiye masijala. Faili lolote la tangu 2009 analijua lilipo kwa rangi ya mgongo wake. Kwenye semina mwezeshaji alimwita "boss wangu" na kumhakikishia kwamba kazi yake haijaguswa. Mzee hakujibu. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa masijala wenye kamba ya kiatu, akauweka juu ya meza ya plastiki.

"Huu," akasema.

Kwa dakika nzima hakuna aliyeongeza neno. Ghafla nikaelewa kwa nini tangu Februari faili za kuskani zilikuwa zinatoka kwa tabu, mara limepotea, mara liko kwa mkurugenzi. Mimi nilikuwa nimeshaandika dokezo kwamba Mzee amezeeka.

Pendekezo lilitoka kwa dada, tukalibishania, likapita. Mzee anazijua njia zote za Bahi, Chamwino na Kongwa, na anazungumza Kigogo cha kwao, si kama changu cha sokoni. Sasa anakwenda vijijini na simu kubwa, anakaa na kikundi, anawajazia ombi hapo hapo, anapiga picha cheti na barua ya benki na kulinganisha majina kabla hajapanda pikipiki kurudi. Zile siku 27 zimekufa hapo. Kasoro zipo: maandishi ya simu anayaona kwa shida, na mara mbili mjukuu wake ndiye aliyejaza fomu, na tukagundua kwa sababu Kiswahili kilikuwa cha darasani mno. Cheo chake kwenye karatasi bado ni mhudumu. Hilo si kosa la kampuni, ni letu, na nimelisema kwenye kikao.

Mengine tuliyobadilisha ni ya kawaida mno, hayana slaidi. Kamati inakaa kila mwezi kwa simu kwa maombi yasiyozidi milioni 10. Benki tumeongeza mwenye sahihi wa tatu. Nikienda likizo, jina la anayekaimu linaandikwa ubaoni. Kikundi kilichopata chini ya milioni 5 hakiandiki ripoti ya kurasa kumi; tunakitembelea, kinatusimulia, tunaandika sisi. Ombi la kwanza lililopita njia hii tangu kupokelewa hadi benki lilichukua siku 52. Bado ni nyingi. Ninajua.

Ufuatiliaji wa miezi sita: miwili ya kwanza ilikuwa mizuri kwa sababu dada alikuwepo. Mwezi wa tatu wakamhamishia kwa mteja mwingine, sisi tukapewa anuani ya kutuma matatizo. Ukituma Jumatatu unajibiwa Ijumaa, kwa Kiingereza, kukuuliza kama umejaribu kuzima na kuwasha. Mwezeshaji alikuwa anatuma ujumbe wa kututakia wikendi njema.

La mwisho ni fedha, na hili wenzangu mlisome vizuri kabla ya kusaini. Kwa malipo ya huduma ya ushauri tunawajibika kukata kodi ya zuio asilimia 5 na kuipeleka TRA. Tulikata laki saba kwa jumla ya awamu zote, cheti tukawapa. Wakalalamika kwamba bei yao ilikuwa "ya mkononi" na laki saba ni juu yetu. Barua zilikwenda na kurudi kwa wiki tano kwa jambo ambalo kila mhasibu wa mji huu analijua. Andikeni kwenye mkataba wazi: bei ni kabla ya kodi gani, baada ya kodi gani. Andikeni pia jina la mtu atakayekuja, na kwamba hahamishwi bila ninyi kukubali. Na mfumo ujaribuni kwa fomu zenu halisi kabla ya kulipa, pamoja na tarehe moja inayoanza na siku, si mwezi.

Semina nyota moja, na hiyo ni ya sambusa. Mfumo nyota tatu baada ya marekebisho. Ufuatiliaji mbili. Zile siku nne za dada, mbili na faili na mbili na sisi, nyota tano, na kwenye ankara hazipo kabisa. Zimeandikwa "uingizaji wa data".

Bodi inataka awamu ya pili. Nimewaandikia kampuni kuomba huyo dada peke yake kwa wiki mbili, bila hoteli wala fulana, aje atufuatie faili jingine. Walijibu kwamba hawana huduma ya aina hiyo, ila wanaweza kutuandalia semina.